Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: wafundishwe sheria za Saudia kabla hawajapanda ndege

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimekuandikia mara mbili kabla ya leo. Barua zote mbili niliziacha kwa mkono wangu mwenyewe ofisini kwako, karani akazigonga muhuri, na sikupata jibu. Namba ya simu niliyopewa haishikwi. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele za watu.

Usiku wa Jumanne iliyopita, saa tisa kasoro, simu ya mama iliita. Ilikuwa namba ya Saudia tusiyoijua. Alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Alisema, "Dada, wanasema mimi ni mchawi." Akasema yuko tarhili, pale wanapowekwa wanaosubiri kurudishwa kwao, na kwamba simu ni ya msichana wa Uganda na salio linaisha. Ikakatika. Tangu siku hiyo mama analala na simu kifuani, na ikilia hata kwa ujumbe wa mkopo anaruka kitandani.

Nikueleze kilichotokea, kwa kadiri nilivyoweza kuunganisha maneno yake na ya mwenzake waliyesafiri pamoja. Alipoondoka hapa, nyanya alimshonea kifuko cha kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na majani makavu ya mwarobaini, kijipande cha mzizi, na uzi uliopigwa mafundo saba. Kwetu ile ni baraka ya nyanya kwa mjukuu anayekwenda mbali. Alikificha chini ya sanduku, katikati ya nguo za ndani, wala hakukigusa tena. Miezi mitano baadaye mtoto wa mwenye nyumba akapata homa isiyoshuka. Bosi wake wa kike akaenda kupekua sanduku la kadama, ndivyo wanavyomwita mfanyakazi wa nyumbani.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa Pwani kama mimi. Suratul-Falaq ya Kurani unaijua, na unajua inataja wale wanaopulizia mafundoni kwa uchawi. Hebu fikiria mama mwenye mtoto mgonjwa anafungua sanduku la mgeni anakuta uzi wenye mafundo saba. Mimi simlaumu hata kidogo kwa kuogopa. Namlaumu aliyejua kwamba Saudia sihiri ni kosa la jinai, akamwacha msichana wa miaka ishirini na mitatu apande ndege na kile kifuko. Mwaka 2011 watu walikatwa vichwa huko kwa kosa hilo: Msudani mmoja mjini Madina mwezi Septemba, na mwanamke mmoja katika mkoa wa Jawf mwezi Desemba. Habari hizo zilitangazwa dunia nzima. Nyanya yangu hakuzisikia. Ajenti aliyempeleka je? Naye hakuzisikia?

Mdogo wangu aliposikia neno polisi, alichukua mfuko wa taka kana kwamba anakwenda kuutupa, akatoka, akafuata barabara kubwa. Hapo akaingia kwenye kosa la pili bila kujua. Kule ukitoka kwa mwajiri bila ruhusa, naye akaripoti kwamba umetoroka, unaitwa hurubu. Ikama yako, yaani kibali cha kukaa, inakosa nguvu. Askari akikusimamisha, wewe ni mtu asiye na kibali cha kukaa nchini, hata kama ulitoka kuokoa roho yako. Alikamatwa kituo cha basi, na hakujua hata jina la mtaa aliokuwa akiishi.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi Riyadh mikataba miwili, miaka minne. Kabla sijaondoka nilipelekwa kwenye mafunzo. Tulifundishwa mashine ya kufulia, pasi ya mvuke, kusugua zulia, namna ya kubeba mtoto mchanga. Nayathamini, yalinisaidia. Lakini sheria? Tuliambiwa tuwe na adabu, basi. Ramadhani yangu ya kwanza nilikunywa maji ndani ya gari mchana, tukiwa tumeegesha mbele ya duka kubwa. Mimi si Mwislamu na sikuona kosa. Dereva, mzee wa Kihindi, alininyang'anya chupa kwa kasi nikadhani ananipiga. Ndiye aliyenieleza kwamba kula au kunywa hadharani mchana wa Ramadhani kunaweza kumrudisha mgeni kwao, awe na dini yoyote. Nilijifunza sheria za nchi kutoka kwa dereva. Asingekuwapo yeye, ningejifunzia wapi?

Na mambo ni mengi, Mheshimiwa. Kungumanga, hili tunalokuna kila siku kwenye vyakula vyetu, haliruhusiwi kuingizwa Saudia, liwe zima au la unga. Miraa, ambayo hapa inauzwa kando ya barabara, kule ni dawa ya kulevya. Mzigo wa jirani anayesema "nifikishie tu kwa binti yangu" unaweza kuwa na kitu kinachohukumiwa kifo. Tena kuna simu. Wasichana wetu wanapiga video jikoni kwa bosi, watoto wa watu wanapita nyuma, wanaweka TikTok ili nyumbani waone jiko kubwa. Sheria ya Saudia ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007 inasema kuvunja faragha ya mtu kwa kamera ya simu ni hadi mwaka mmoja jela, au faini hadi riyali 500,000, au vyote viwili. Faini hiyo ni kama milioni 17 za Kenya. Kadama anapata riyali elfu moja kwa mwezi, akibahatika.

Tena asiyejua sheria hajui hata ile inayomlinda. Kanuni mpya za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Saudia mwezi Oktoba 2024 zinamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, na zinampa siku moja ya mapumziko kila wiki. Pasipoti ya mdogo wangu ilichukuliwa siku aliyofika. Hakupumzika hata Ijumaa moja. Alidhani ndiyo sheria yenyewe, kwa hiyo akanyamaza.

Unakumbuka ulipokuja uwanja wa shule ya msingi kabla ya uchaguzi? Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na kina mama, mstari wa pili. Uliwasimamisha wasichana kumi na mmoja waliokuwa wamepata visa, ukawaambia ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Watu wakapiga makofi. Kisha ukaahidi, na maneno yako nimeyashika, kwamba hakuna msichana wa hapa atakayeondoka tena bila kufundishwa sheria za kule kwa lugha anayoielewa. Mdogo wangu alikuwa wa nne kutoka kushoto, amevaa dera la njano. Alikuamini. Mkataba aliotia sahihi ulikuwa wa Kiarabu na Kiingereza, na aliutia sahihi akiwa amesimama, kwa sababu ajenti alisema gari linaondoka.

Kwa nini hawafundishwi? Sina ushahidi, ila nimekaa nao hao maajenti. Naamini ni kwa sababu wanalipwa kwa kila kichwa kinachofika. Msichana akizisikia hizi sheria atauliza maswali, na anayeuliza maswali anachelewesha safari. Kama nakosea, nisahihishe wewe unayewajua.

Nilitaka kukuomba mengi. Nilitaka kuomba maajenti wachunguzwe, mikataba iandikwe kwa Kiswahili, familia zipewe namba inayoshikwa. Hayo yote bado nayataka. Lakini kuna wasichana sita wa kata hii wanaosafiri mwezi ujao, na kwa hao sitaki kusubiri kamati. Naomba siku mbili tu. Ukumbi wa chifu upo. Sisi tuliorudi tupo, mimi na wenzangu watatu, tutafundisha bure. Tunachohitaji ni mtu mmoja anayejua sheria za kule aje na karatasi zilizoandikwa Kiswahili, na sauti yako iwalazimishe maajenti kuwaleta hao wasichana, wao na mama zao na nyanya zao. Nyanya hasa. Wafungue masanduku mbele yetu, tuwaambie kipi kibaki.

Na mdogo wangu. Hana pasipoti mkononi, anahitaji hati ya safari, na anahitaji mtu wa serikali yake amwone kwa macho na kuuliza kama ameshtakiwa kwa ule uzi au kwa kutoroka tu, maana hatujui. Jina lake kamili na namba ya pasipoti viko kwenye barua ya pili, ile yenye muhuri wa ofisi yako. Sikutaka kuviandika hapa. Naomba mtu aifungue.

Nyanya hasemi na mtu. Jana nilimkuta ameketi nje na ule mkasi wake wa kushonea mapajani, akaniuliza, "Ni mimi niliyemfunga?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ni mimi, mpiga kura wako, dada yake.