Sheria waliyoitunga wenyewe haikudumu miaka mitatu

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba, pamoja na maovu yao yote, Waingereza walituletea utawala wa sheria. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, na naomba nafasi nimjibu kwa habari za hapa kwetu.

Kwa sheria ya ardhi ya 1915, Mwafrika alikuwa mpangaji tu katika ardhi ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikasema hivyo waziwazi. Malalamiko yalipozidi, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria nyingine mwaka 1930: hifadhi za wenyeji (maeneo yaliyotengewa Waafrika) ni zao milele, sehemu ikitwaliwa, wapewe ardhi nyingine ya thamani ileile, na Baraza la Wenyeji liulizwe kwanza.

Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Wazungu wakamiminika, wengi wao walowezi ambao mahindi yao yalikuwa yamekosa bei. Nyanya yangu alikuwa ameolewa karibuni, upande huu wa Rosterman, palipokuja kuwa na mgodi. Alitusimulia jinsi walivyoamka asubuhi wakakuta vigingi vya watafuta dhahabu vimepigwa katikati ya shamba la wimbi lililokuwa likianza kutoa masuke, kimoja hatua chache tu kutoka kaburi la baba mkwe wake. Hakuna aliyebisha hodi. Walipouliza, waliambiwa watalipwa mazao yatakayoharibika. Na kweli walilipwa, shilingi kidogo. Kaburi halikuandikwa popote.

Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Ardhi ikitakiwa kwa ajili ya madini, fidia iwe pesa badala ya ardhi, na Baraza si lazima liulizwe. Ile "milele" haikutimiza hata miaka mitatu! Huko Uingereza kwenyewe walikuwapo waliosema bungeni kwamba huku ni kuvunja ahadi, lakini wachimbaji waliendelea na kazi.

Basi namuuliza msomaji mwenzangu: huo ndio utawala wa sheria? Sheria ilimlinda mwenye shamba mpaka siku shamba lake lilipoonekana lina mali. Kisha wanaume walewale wakashuka mashimoni kuwachimbia Wazungu dhahabu kwa ujira mdogo, wapate kulipa kodi ya nyumba waliyotozwa na serikali. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mashimo tuliachiwa sisi, na hadi leo vijana wetu hushuka humo na tochi kutafuta masalia, na mvua ikinyesha akina mama hawalali.

Siandiki haya kwa sababu ya mambo ya kale tu. Dhahabu inazungumziwa tena Ikolomani, hapahapa Kakamega, na familia zinaitwa mikutanoni kuelezwa habari za fidia. Katiba ya 2010 inataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Ni vizuri, lakini wazee wetu walijua tofauti ya pesa na shamba, nasi tunaijua.

Naiomba serikali ya kaunti, ya kitaifa na kila mwekezaji: karatasi ziandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, zisomwe barazani mbele ya wake na vijana pia, si wazee peke yao, na makaburi yaingizwe kwenye hesabu. Anayetaka shamba badala ya pesa apewe shamba, naye alione kwa macho yake kabla hajatia saini.

Mwalimu mstaafu,
Kakamega