Kwako dada yangu wa Chang'ombe, uliyeacha kuja

Dada yangu,

Nimesikia umeacha kuja kwangu eti hutaki kuniongezea machungu. Nani kakwambia unaniongezea?

Umezoea kusema yangu yalikuwa makubwa kwa kuwa mimi nilivamiwa usiku na majambazi wenye mapanga, na yako ni ugomvi wa nyumbani. Sikubali. Nilipotoka wodini watu walijaa uani: wengine na sukari, wengine na mchango wa nauli, mchungaji akaja, balozi wa nyumba kumi akaja. Hakuna aliyeniuliza nilifanya nini hadi nikakatwa. Wewe ulivunjwa mkono na mwanaume uliyekuwa unampikia, ukaambiwa uvumilie, mambo ya ndani hayatoki nje. Ukauguza mkono, na juu yake aibu isiyokuwa yako. Hilo linaniuma kuliko makovu yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Waliokushauri uvumilie walikuwa na sheria hiyo miaka yote.

Upepo wa Agosti ukibamiza mabati, mimi nasikia dirisha linavunjwa, wewe unasikia mtu anarudi amelewa. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani tunaruka wote wawili, wengine wanacheka. Mwili unaogopa kwanza, akili inafuata nyuma. Hatari inaweza kupita na mwili ukabaki macho kwa miezi, hata miaka, usingizi ukakatika, hasira zikaja bila sababu. Hali hiyo si uchizi, na inatibika.

Najua unaogopa kuonekana kwenye geti la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hapa Dodoma tumekua tukitishana kwa jina hilo. Mimi nilienda. Kwenye foleni nilikaa na mama muuza mboga na kijana wa chuo, na aliyenisikiliza hakuniita kichaa. Nikaanza kulala tena, taratibu.

Ila kuna kitu ninachokipata kwako tu. Kwako sielezi. Tunaweza kumenya karanga mchana kutwa tukizungumzia ada za watoto, na nikinyamaza ghafla hunihimizi niseme, unasogeza kiti karibu. Wengine wananipenda sana, lakini wananiangalia usoni kutafuta kama nimepona. Wewe hujawahi. Kwa hiyo ukilia mbele yangu hunitoneshi. Ninachoumia ni kukuona sokoni Sabasaba unageukia njia nyingine.

Jumamosi niko nyumbani. Njoo na watoto, nitapika ugali wa mtama na mlenda. Ukiwa tayari kwenda dawati la jinsia pale polisi, tutakwenda wote, na nitakaa nje mpaka umalize kuandikisha maelezo. Kama bado hujawa tayari, tutakula na kupiga soga. Jumatatu nina kliniki Mirembe. Nitakupitia asubuhi, ukitaka tuongozane.