Sakamoto hakuhama muziki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu kuhusu marehemu Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki wa Japani aliyefariki Machi 28, 2023 akiwa na umri wa miaka 71. Niliisoma kwa furaha, maana si kila siku gazeti la Kiswahili linampa mpiga piano ukurasa mzima. Lakini mwandishi wenu amemchora kama mtu wa kuhamahama: alianza na klasiki akaiacha, akaingia pop akaichoka, akakimbilia filamu, na uzeeni akaishia kwenye milio ya kompyuta. Mimi nafundisha piano, na vitabu vya noti zake havibanduki mezani kwangu. Picha hiyo naipinga.

Tuanze chuoni. Katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, Sakamoto alisomea utunzi, kisha akachukua shahada ya uzamili iliyohusu muziki wa kielektroniki pamoja na muziki wa asili wa mataifa mbalimbali. Yaani mitambo ya sauti aliikuta darasani kabla hajajulikana na mtu, miaka ileile aliyokuwa akifuatilia mafundisho ya Fumio Koizumi, mtafiti mkubwa wa muziki wa jadi. Na kabla ya hapo, akiwa kijana mdogo, alikuwa amempenda Debussy, mtunzi wa klasiki wa Ufaransa, kupita kiasi, hadi akajidhania kuwa ni Debussy aliyezaliwa mara ya pili. Mtu huyu alitoka shuleni na yote mfukoni. Hakuna alichokwenda kukitafuta ugenini.

Mwaka 1978 wakaunda Yellow Magic Orchestra, kundi la pop la kielektroniki, yeye na Haruomi Hosono na Yukihiro Takahashi. Makala yenu inasema hapo ndipo "alipoitupa klasiki". Nani alikuwa anapanga sauti, hii ikae juu ya ile? Takahashi alimpa jina la utani Kyoju, yaani Profesa, kwa sababu ya shahada yake hiyo. Halafu angalieni jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Kundi lilitumia Roland MC-8, mtambo wa kuziamuru ala za kielektroniki zipige noti ulizopangiwa, na fundi wao Hideki Matsutake alikuwa akiingiza noti kwa namba: sauti ipi, inadumu muda gani, inakatika wapi. Hakuna kupapasa vitufe hadi kitu kizuri kitokee chenyewe. Lazima uwe umekwisha kuusikia wimbo wote kichwani, uugawe vipande vipande, ndipo uuandike. Watunzi wa okestra wamekuwa wakifanya hivyo kwa wino na karatasi kwa karne nyingi. Mimi nikiwasikia vijana wakidai kwamba mashine ndiyo ilimfanyia kazi, nacheka.

Kutoka kipindi hicho kuna "Riot in Lagos" ya mwaka 1980, iliyomo kwenye albamu yake B-2 Unit. Ni kipande kikavu, kigumu, cha mapigo yaliyovunjikavunjika, na watengenezaji wa hip hop wa Marekani walikuja kuchota mengi humo. Mwandishi wenu hakukitaja kabisa. Labda kwa sababu hakimo filamuni.

Kuhusu filamu, nitakaa kidogo kwenye wimbo mmoja tu, kwa kuwa ndio unaomaliza ubishi. Mwaka 1983 mwongozaji Nagisa Oshima alimwita Sakamoto acheze kama kapteni wa jeshi katika filamu ya Merry Christmas, Mr. Lawrence, bega kwa bega na mwanamuziki David Bowie. Sakamoto, ambaye hakuwa mwigizaji, akakubali kwa sharti kwamba muziki nao atunge yeye. Wimbo mkuu aliurekodi kwa sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, wenye milio inayofanana na kengele na glasi. Mwaka uleule akatoa toleo la piano pekee. Mwimbaji David Sylvian akautilia maneno na ukawa wimbo wa pop, "Forbidden Colours". Mwaka 1996 akaurekodi tena kwa piano, fidla na chelo. Baadaye akaupiga na okestra kamili. Wimbo ni uleule. Wanafunzi wangu huja wakiuomba, na wakifungua kitabu wakaziona bemoli tano, alama za kushusha noti, mwanzoni mwa mstari hurudi nyuma kidogo, hadi nitakapowaonyesha kwamba mkono wa kulia unatembea zaidi kwenye vitufe vyeusi, kwa ngazi ya sauti tano ambayo sikio la Asia linaijua tangu kale. Mkono wa kushoto ndimo alimo Debussy. Sasa niambieni, Mhariri, huo ni wimbo wa klasiki, wa pop, au wa kielektroniki? Mkishajibu, niambieni ni mwaka gani aliohama.

Siandiki haya kwa kuwa kila alichokigusa kilikuwa dhahabu. Kuimba, kwa mfano, hakukuwa kipaji chake, na baadhi ya albamu zake za miaka ya 1980 zina sauti za studio zilizochakaa mapema. Lakini hata katika hizo kuna mambo. Beauty, ya mwaka 1989, inamkutanisha na mwimbaji Youssou N'Dour wa Senegal, na sauti ya N'Dour haikubandikwa juu kama pambo. Ndiyo inayoshika usukani.

Mwandishi wenu anazungumzia shule ya klasiki kama nguo aliyoivua. Kuna kisa ambacho Sakamoto mwenyewe alikisimulia katika Coda, filamu iliyotengenezwa kuhusu maisha yake. Walikuwa studio wakirekodi muziki wa filamu ya The Sheltering Sky, okestra imeketi tayari, na mwongozaji Bernardo Bertolucci akasema mwanzo haumpendezi, ubadilishwe sasa hivi. Sakamoto akasema haiwezekani. Bertolucci akamjibu kwamba Ennio Morricone, mtunzi wa muziki wa filamu wa Italia, angeweza. Sakamoto akaona hana la kusema, akaandika mwanzo mpya pale pale, wapigaji wakingoja. Jambo kama hilo huliwezi kwa ujanja wa studio. Unaliweza kwa sababu uliwahi kukaa miaka ukiandika noti za kila ala hadi mkono ukazoea.

Nafika kwenye albamu async ya mwaka 2017, ambayo makala yenu imeiita "kelele za mgonjwa". Kweli alikuwa ametoka kutibiwa saratani ya koo iliyogundulika mwaka 2014. Lakini sikilizeni kipande cha kwanza, "andata". Ni piano peke yake, inatembea polepole kama zaburi ya kanisani. Kisha ogani inaupokea wimbo uleule, na juu yake inapanda mikwaruzo na mingurumo. Ndani ya Coda anaeleza kwamba alikuwa akiiwazia koro, yaani wimbo wa ibada, ya Bach, mtunzi wa klasiki wa Ujerumani, iliyomo katika filamu Solaris ya Andrei Tarkovsky, akataka kuandika ya kwake. Kwa hiyo albamu inayosemwa kuwa ya mashine kuliko zote imeanzia kwa Bach.

Humohumo kuna piano iliyozama katika tsunami ya Machi 11, 2011, piano ya shule mkoani Miyagi. Nyuzi zake zilikuwa zimelegea, nyingine zimenyamaza. Fundi wa kutuni angeitazama mara moja na kuiandikia kifo. Sakamoto aliifikiria kwa njia nyingine: mbao za piano zimekunjwa kwa nguvu na nyuzi zimevutwa kwa mkazo mkubwa ili zikubali sauti tunazozitaka sisi, na wimbi lilikuja kuzirudisha kwenye sauti zao. Nimekuwa nikiwatuma watu kutuni piano maisha yangu yote na hilo halikuwahi kunijia akilini. Ndiye yuleyule aliyetumbukiza maikrofoni chini ya barafu ya Greenland mwaka 2008 kunasa sauti ya maji, na ambaye Coda inamwonyesha pia kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya. Anayesikiliza hivyo hawezi kuulizwa yuko idara gani.

Mwisho, kuna kosa dogo la kusahihisha. Maelezo chini ya picha yanasema alishinda Oscar ya muziki wa filamu ya The Last Emperor "akiwa mtunzi pekee". Tuzo ile ya mwaka 1988 walipewa watu watatu: Sakamoto, David Byrne na Cong Su. Byrne ni yule wa Talking Heads, bendi ya roki. Cong Su ni mtunzi kutoka China.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa piano