Barua ya wazi kwa wanangu wa udhibiti bora

Wanangu mnaoandika tasnifu za udhibiti bora, yaani hisabati ya kuchagua namna ya kuendesha kitu ili upate matokeo mazuri kuliko yote, salaam.

Nimestaafu kufundisha, ila rasimu zenu bado naletewa. Karibu kila moja ina sentensi hii: "Kwa kuwa masharti ya Pontryagin yametimia, udhibiti huu ndio bora." Masharti hayo ni vipimo vya mwanahisabati Pontryagin vya kupima udhibiti, na hapo kalamu yangu nyekundu husimama.

Chukueni karatasi. Hali x inaanzia 0 na kusogea kwa kasi u, ambayo ndiyo udhibiti wetu, iliyo kati ya −1 na 1, kuanzia wakati 0 hadi 1. Tunataka mraba wa x(1) uwe mkubwa kadiri iwezekanavyo. Hata mtoto wa shule atawaambia: kimbia upande mmoja, kulia au kushoto, bila kusita. Utapata 1.

Sasa wekeni u = 0 mwanzo hadi mwisho. Hamiltoniani, ile hesabu ambayo masharti yanataka u iifikishe kileleni kila wakati, hapa ni p mara u; p ni namba saidizi nitakayoieleza punde. Hakuna x ndani yake, kwa hiyo p haibadiliki, na sharti la mwisho linadai p = 2x(1), yaani 0. Hamiltoniani inakuwa 0 kwa u yoyote ile, na uvivu wetu umeifikisha kileleni sawa na wengine. Masharti yote yametimia, na tumeambulia 0, matokeo mabaya kuliko yote.

Kwa nini? Ile p ni bei: inasema ukiongezewa x kidogo utafaidika kiasi gani. Ukiwa umesimama kwenye 0 kabisa, hatua ndogo ya kwanza haina faida inayoonekana, basi bei inasoma sifuri na kukuacha umelala.

Pontryagin hakukosea. Yeye na wenzake Boltyansky na Gamkrelidze, kule Moscow miaka ya 1950, walisema aliye bora hawezi kuyakosa masharti haya. Kwamba kila aliye nayo ni bora, hilo mmeliongeza nyinyi. Mchele ukishapepetwa pumba zikatoka, bado mtu hukaa na ungo kuchambua mawe. (Pontryagin alipofuka akiwa na miaka 14, jiko la primasi lilipomlipukia, na mama yake ndiye aliyemsomea vitabu. Nyinyi mnaoona, lile neno "ikiwa" mwanzoni mwa nadharia mnalirukia nini?)

Mawe huchambuliwa kwa kazi ya mwanahisabati Mangasarian ya 1966: Hamiltoniani ikiwa na umbo la mgongo wa kobe kwa x na u kwa pamoja, na thamani ya mwisho vilevile, masharti ya lazima yanageuka kuwa ya kutosha kuthibitisha ubora. Lengo letu la x mraba ni bakuli, ndiyo maana tuliumbuka.

Kabla hamjaniletea rasimu nyingine, badilisheni lengo liwe x(1) − x(1)² na mwanze upya. Mtakuta p ni 0 tena, na udhibiti unaotimiza masharti hauna idadi: wowote unaofikisha x kwenye nusu. Safari hii, wote ni bora. Nionyesheni kwa nini.