Darubini ya bure nayo ina gharama zake

Ndugu Mhariri,

Huku Kigoma kijiweni tumebishana sana kuhusu zile darubini mbili ambazo NRO, shirika la Marekani la setilaiti za kijasusi, liliwapa NASA mwaka 2012. Zilikuwa zimekaa tu stoo. Kila moja ina kioo cha mita 2.4, saizi ileile ya Hubble, darubini maarufu ya NASA iliyoko angani, ila zinaona eneo kubwa zaidi kwa mara moja. Jamaa mmoja akasema si wangetupa sisi hiyo iliyobaki tulichungulie ziwa letu, watu wakacheka, mi nikamwambia hata ikishuka na treni hapo stesheni nani ataiwasha?

Maana watu wanasikia bure wanadhani kazi imeisha. Zile zilikuja bila kamera, na setilaiti ya kuzibeba haikuwepo, roketi ndo usiseme. NASA wakaanza kusaka hela, moja wakaitengenezea mradi ambao leo unaitwa Roman, na bado mwaka 2018 Ikulu yao ikapendekeza mradi ufutwe, Bunge lao ndo likaendelea kuupa bajeti. Ya pili ikabaki stoo.

Lakini kuna kitu kimoja walifanya nawapa maksi zote. Mwaka 2013 waliita wataalamu Huntsville, Alabama, kila mtu alete wazo hivi vitu vifanye nini, mpaka wengine wakapendekeza moja ipelekwe Mars! Yaani waliuliza kwanza.

Sisi je? Kuna ofisi moja ya umma naifahamu, siitaji, vifaa vya kupimia vilivyoletwa na wafadhili vilikaa kwenye maboksi mpaka panya wakala nyaya, tukaja kusikia tu vimeuzwa mnadani kama chuma chakavu, na vijana wa chuo wanaosomea mambo hayohayo wapo hapahapa mjini hawakuambiwa kitu. Inauma bwana.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo tu, kabla kifaa cha serikali hakijapigwa mnada orodha ibandikwe wazi, vyuo na shule waione, na wavuvi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia mialo, pia, kwahiyo nakala moja ibandikwe hata pale Kibirizi mwaloni, na anayekitaka aseme atakitumiaje na hela ya kukiendesha anatoa wapi.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma