Matumbawe sebuleni, Dodoma

Ipagala,
Dodoma.
Juni

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatubana. Nimefurahi mno kusikia barua ya uhamisho imetoka na kwamba mwezi wa nane mtakuwa Dodoma. Umesema ukishapanga tu unataka tangi la matumbawe kama langu, na unauliza ubebe nini kutoka Tanga: madumu ya maji ya bahari, gunia la chumvi ya mawe, au vipande vya matumbawe ambavyo mdogo wako anaweza kukuvunjia. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili nalipenda na sitaki uliingie kwa pupa.

Chumvi ya mawe iache jikoni. Maji ya bahari yakikauka kwenye majaruba, chokaa na jasi hutangulia kuganda, ndipo inakuja chumvi yenyewe, na magnesiamu hubaki kwenye majimaji ya mwisho. Gunia lako basi ni chumvi ya kula, ilhali tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti iliyomo majini. Utahitaji chumvi maalumu ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita. Tangi la lita 200 litakula kilo 7 mara ya kwanza. Maji ya bahari yenyewe yanafaa, kama yamechotwa mbali na bandari na midomo ya mito. Ila kila wiki utabadilisha lita 20 hivi, na sioni utayasafirishaje mwaka mzima.

Hapa ndipo penye kazi: maji. Maji ya visima vya huku yana chumvichumvi. Fungua birika la nyumba yoyote utaona ukoko mweupe, mgumu, umeganda chini hadi kisu hakiubandui. Ukilijaza tangi kwa maji hayo umeingiza usichokijua. Naitreti na fosfeti hulisha mwani mpaka ufunike mawe yote, na shaba kidogo tu kutoka kwenye koki na mabomba inaua konokono na matumbawe. Kwa hiyo mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba yaache chumvi na madini nyuma, inatangulia kununuliwa kabla ya tangi, tena yenye kichujio cha resini mwishoni cha kunasa kilichobaki, na kipima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Mashine hiyo humwaga maji mara tatu au nne ya yale inayokupa. Katika mji wa mgao hilo linauma, ndiyo maana maji yake ya kutupa nayakinga kwenye pipa, tunapigia deki na kumwagia chooni.

Jambo la pili ambalo mtu wa Tanga halijui ni ukavu wa hewa. Huko nguo inashinda kambani bado ina unyevu. Huku, kuanzia Agosti upepo ukishika kasi, maji ya tangi yanapungua ukiyaona. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Lita 200 zenye gramu 35 kwa lita zikipungua lita 10 tu, chumvi inakaribia gramu 37 kwa lita, na kwa tumbawe hilo ni badiliko kubwa. Nimebandika kipande cha selotepu kwenye kioo, na kila asubuhi kabla ya chai najazia maji ya RO yasiyo na chumvi hadi kwenye alama. Usijazie maji ya chumvi hata siku moja.

Joto liwe digrii 25 au 26. Usiku wa Juni na Julai huku hushuka hadi 13 au 14, kwa hiyo hita ni lazima; Oktoba na Novemba utahitaji feni ya kupuliza juu ya maji. Na kumbuka tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kuliko pwani. Umeme ukikatika, samaki wanaanza kutweta mapema. Nunua pampu ya hewa ya betri na uiweke karibu kama unavyoweka tochi.

Kuhusu kuvunjiwa matumbawe, nakuomba mwambie mdogo wako asiyaguse. Sheria za uhifadhi zipo, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekukataza. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yakapauka, yaani yakapoteza vile vimwani vidogo vinavyoishi ndani ya mwili wake na kuyalisha kwa mwanga. Mengi yalikufa. Kabla na baada ya hapo yalipigwa baruti. Miamba iliyopona hayo yote haistahili kuja kufia sebuleni kwetu. Chukua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Tumbawe hukatwa likaota tena, na nikikata langu nitakupa.

Tangi likishajaa maji ya chumvi na mawe, ngoja wiki nne hadi sita bila samaki. Bakteria wanatakiwa kuzaliana, wageuze amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki yanayooza, iwe naitraiti, kisha naitreti. Pima mpaka amonia na naitraiti zisome 0. Baadaye anza na matumbawe laini, hayana madai mengi. Yapo ya aina ya zoanthidi, mazuri kama maua, lakini baadhi yana sumu kali iitwayo palitoksini: vaa glavu na miwani ukiyakata, na jiwe lenye hayo usilichemshe kamwe, mvuke wake unaweza kuwalaza nyumba nzima hospitalini. Watoto wako wadogo, mimi ningeyaacha kwa sasa.

Mkipata nyumba, angalia kwanza sakafu: lita 200 pamoja na kioo na mawe zinapita kilo 250. Chagua ukuta usiopigwa na jua la dirishani, wenye soketi karibu. Nitumie vipimo vya huo ukuta, nikamwone fundi wa vioo kabla hamjafika.

Msalimie mama sana.

Ni mimi swahiba wako.