Hoteli haijaja, ila minazi panda tu

Kaka Shomari,

Asalaam aleikum. Shemeji hajambo? Na mzee je, kile kifua kimepoa? Mfikishie shikamoo yangu, mwambie kijana wake wa Dodoma yupo, bado anabeba zege. Sisi huku wazima, ila upepo wa msimu huu na vumbi lake asee, unavaa shati safi asubuhi ikifika saa nne ukijipangusa unatoka udongo. Ule ujumbe wako wa wasapu niliusoma nikiwa saitini Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, nikashindwa kujibu, kila nikiandika maneno mawili nakuta bosi kasimama nyuma yangu, ndo nikasema leo Jumapili nikitoka kanisani nikae nikujibu kwa kirefu. Vumilia tu.

Nianze na picha ulizonitumia za ile hoteli mnayoahidiwa kijijini kwenu huko pwani ya Tanga, ambayo tangu wathamini wapite kuhesabu mali zenu kwa ajili ya fidia imeishia kwenye msingi. Hilo bango nimelikuza kwenye simu mpaka nimeona misumari. Bwawa la kuogelea limepauka limekuwa rangi ya maziwa, wale wazungu wawili kwenye viti mmoja hana tena uso, na hapo chini mbuzi wa watu wamelala kivulini. Nikacheka peke yangu. Lakini picha ya pili, ile ya msingi, haikunichekesha. Mi fundi, kwa hiyo acha nikwambie ninachokiona pale. Nondo za nguzo zimeachwa wazi juu ya zege na kutu yake ni ile ya kubanduka magamba, kwa upepo wa chumvi wa huko kwenu nondo haichukui muda kufika hapo, na yeyote atakayekuja kuendeleza hiyo kazi kama ni mtu wa haki itabidi azikate au avunje aanze upya. Njia ya malori imeota nyasi katikati. Sioni tanki la maji, sioni nguzo ya umeme, sioni rundo la kokoto hata moja. Tena niulizie kitu kimoja, yule mama ntilie aliyekuwa anapikia mafundi yupo? Saiti ikisimama kwa mvua au kwa malipo kuchelewa mama ntilie habanduki, anajua wadeni wake watarudi. Akishaondoka na sufuria zake ujue hapo hata mafundi wameshakata tamaa.

Mnaambiwa kilichoikwamisha ni korona. Haya, mwaka 2020 ilikuwa sababu ya kweli kabisa, watalii walioingia nchini walishuka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki 6 na ushee, hapo nani angemwaga hela kwenye vitanda vya hoteli. Ila 2023 wakafika milioni 1.8 na 2024 wakavuka milioni 2. Sasa anayekuletea korona leo mwambie abadilishe wimbo.

Ninachoamini mimi ni kingine na wala si lazima iwe utapeli. Hizi hoteli kubwa za villa na viwanja vya gofu, mara nyingi mwenye mradi haji na hela yote mfukoni. Anakuja na michoro, anatafuta watu wa kununua zile villa kabla hazijajengwa, anatafuta benki, benki nayo inataka kuona hati, inataka cheti cha mazingira, inataka kujua maji yanatoka wapi na umeme unatoka wapi, na hapo ndo kimoja kikikwama vyote vinasubiriana. Hiyo barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Bagamoyo, na lile daraja la mto Pangani, ni vitu ambavyo mwenye hela anaviangalia kabla hajatoa shilingi. Na yeye kusubiri hakumuumi. Kila kipande cha lami kikiongezeka ardhi inapanda thamani bila yeye kupanga tofali hata moja. Nyie je? Nyie kila mwaka unaopita mnakula wapi?

Hapa naomba unielewe vizuri, maana unasema kijiweni mmegawanyika, wengine wanasema hoteli inakuja wengine wanasema haiji na mpaka watu wameacha kusalimiana. Mi naona mnagombania pembeni kabisa. Kinachowamaliza ni huko kungoja kwenyewe.

Sisi wa Dodoma kwenye kungoja hatuna mpinzani. Uamuzi wa kuleta makao makuu huku ulipitishwa 1973, mwaka huohuo ikaundwa CDA, mamlaka ya kuustawisha mji. Bunge likaja 1996. Serikali yenyewe ikabaki Dar mpaka Julai 2016 Magufuli aliposema sasa tunahama, na hata hapo wengine walisema aah tumeshazisikia hizi. Hesabu mwenyewe, miaka 43! Mtu kazaliwa anaambiwa makao makuu yanakuja, kaoa yanakuja, kapata wajukuu yanakuja. Halafu yakaja bhana. 2017 CDA ikavunjwa, 2018 tukawa jiji, 2024 treni ya kisasa ya SGR ikaanza kupakia watu kutoka Dar, viwanja ambavyo mtu alikuwa anakupa kwa bei ya baiskeli sasa hivi hata ukivitaja unaonekana una dharau. Kwa hiyo anayekwambia mradi uliochelewa umekufa mpe nauli ya treni aje aone Mtumba.

Ila na yule anayekwambia subirini tu mtatajirika, akishafika Mtumba nitampeleka kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na mizabibu nje kidogo ya mji. Zabibu ya huku unavuna mara mbili kwa mwaka, hela yake si ya kutisha lakini ndo iliyosomesha watoto. Wakapita watu wakapima, wakagonga vigingi, wakachora X nyekundu ukutani, wakamwambia mzee hapa usiendeleze kitu tena, tunakuja kulipa. Ofisi siitaji. Mjomba ni mtu wa kutii, akaacha kupogoa, akaacha hata kumwagilia. Bati la chumba cha watoto likatoboka akasema nabadilisha ya nini na nyumba inabomolewa, basi mvua ikinyesha wanasogeza godoro wanaweka sufuria, mvua inayofuata wanasogeza tena, na ile X ukutani inazidi kufifia mpaka shangazi siku moja akawa anaichokonoa kwa kucha anauliza hivi bado inahesabika? Miaka ikapita. Siku walipokuja kuhesabu kwa ajili ya kulipa wakahesabu kilichopo, na kilichopo kilikuwa vigingi na visiki.

Sasa nikiusoma ujumbe wako unasema tangu wathamini wapite hamjapanda mnazi hata mmoja, nilishika kichwa. Shomari! Mnazi ule wetu mrefu unataka miaka 6 au 7 ndo uanze kuzaa, ungepanda wiki ile walipoondoka saa hizi ungekuwa unahangaika kutafuta mkwezi. Najua waliwaambia kitakachoongezwa baada ya uthamini hakitalipwa. Sawa, kisilipwe, nazi si utakuna ule? Na isitoshe Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali una uhai wa miaka 2. Ikipita miezi 6 hujalipwa inaanza kuingia riba, miaka 2 ikiisha inabidi uthamini ufanyike upya. Kwa maelezo yako nyie hiyo miaka imeshapita zamani, kwa hiyo zile karatasi mnazozitunza kwenye masanduku ni kumbukumbu nzuri tu, wakija kulipa kwa hesabu za kipindi kile msikubali.

Na dada yako aliyefunga nyumba kwa kufuli akahamia Tanga mjini, mwambie arudi au aweke mpangaji. Kwenye fidia kuna thamani ya ardhi, mazao na nyumba, kuna posho ya usumbufu, halafu kuna ya usafiri, mzigo wa tani 12 hadi kilomita 20, na kuna ya malazi ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36. Hizo mbili za mwisho ni za mtu anayehamishwa, sasa nyumba ambayo haikaliwi atahamishwa nani, popo?

Kitu kingine ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Umeandika tu "kijiji kilikubali" ukapita, mi nataka kujua nani alikubali. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa, kama ni chini ya hekta 250 mkutano mkuu ndo unakubali au unakataa, ikizidi hapo mkutano unatoa mapendekezo na waziri ndo anaamua. Mkutano mkuu maana yake watu wazima wote wa kijiji, si mwenyekiti na jamaa zake wanne chini ya mwembe na soda. Na mgeni hamiliki ardhi nchi hii, anapewa haki ya kuitumia kwa muda kupitia mamlaka ya uwekezaji. Nendeni watu kadhaa, usiende peke yako ukaonekana mkorofi, ombeni kwa adabu muone hekta zilizoandikwa ni ngapi, waliahidi kuanza lini na kumaliza lini, wasipofanya inakuwaje. Pigeni picha kila ukurasa na yale majina yaliyosainiwa. Kama hakuna tarehe ya mwisho popote, basi hapo ndo penye tatizo lenu na hapo ndo pa kubanana na diwani.

Msione aibu kuuliza, wenzenu wamepitia. Bagamoyo pale mkataba wa bandari ulisainiwa 2013, 2019 Magufuli akasema masharti yake hayafai, 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe, na muda wote huo mtu wa Mlingotini, kijiji cha hapo, anaamka asubuhi hajui ajenge choo kipya au asijenge. Kenya nako, Lamu, walizindua ule mpango mkubwa Machi 2012, ndani yake bandari na mji wa mapumziko ya kitalii. Gati la kwanza la bandari likaanza kazi 2021, mji wa mapumziko umebaki kwenye michoro. Lakini wavuvi wa Lamu hawakukaa tu, walienda mahakamani na 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa kuharibiwa uvuvi wao. Kulipwa nako kuna safari yake, ila angalau walisikika.

Na hili hujaliandika ila nimeliona nyuma ya picha, fensi ya mabati imeshuka mpaka kwenye mchanga. Yaani msingi umewashinda ila fensi wamemaliza, unaona hapo? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Chukueni kamba mpime. Na kina mama wa mwani wanapita wapi sasa, wale wanaochokoa pweza maji yakitoka wanazunguka wapi, ngalawa zinapandishwa diko lipi? Hiyo mi ingeniuma kuliko hata fidia, maana hoteli isipojengwa miaka 20 fensi bado ipo na mlinzi bado ana filimbi.

Haya, yule dalali wa ardhi uliyeniambia. Anakwambia mradi umekufa, nyie watu wa pwani mnapoteza muda, yeye anakusaidia tu akupe hela kidogo ya mkononi kwa ule upande wa baharini. Mtu anakwambia ng'ombe wako kafa halafu anakuja na kamba? Kama umekufa anautaka wa nini? Usimuuzie. Najua ada ya shule inakaribia na shemeji anakusukuma, kama imebana sana niambie tuone cha kufanya, mimi na Mama Neema tunaweza kukukopesha kidogo, si nyingi, ila ya kukuvusha mpaka Januari ipo.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na hoteli. Ikisimama nitakuwa wa kwanza kukupigia uniulizie kibarua, nimechoka vumbi mwenzio, nataka na mimi nifunge mkanda wa jengo huku naangalia bahari. Na vijana wa hapo wakipata kazi za maana, si za ulinzi na kufyeka tu, nitafurahi sana. Ila sitaki uishi kama mjomba, unaangalia ukuta.

Sasa nisaidie hivi, ile fomu ya uthamini ipige picha mbele na nyuma, muhuri na tarehe vionekane, usiikunje. Kuna jamaa tunasali naye anazielewa hizi mambo za ardhi, nitamuonyesha Jumapili ijayo. Na mwambie shemeji dagaa walifika wote na hawakuvunjika, Mama Neema kawapika na ugali wa uwele na mlenda pembeni, mama mkwe alikuwepo, kala mpaka kauliza basi la kwenda Tanga linaondoka saa ngapi.

Wako,
Yohana